Meno ya Mbuke

Mgodini, Geita
3 Machi 1951

Melania,
Salamu. Mimi na mwanao Mbuke tungali hai, ingawa najua hukupenda iwe hivyo. Nilipokufukuza nilidhani uchawi wako umekwisha. Kumbe! Mtoto ana miaka kumi na minne tu, meno ya mbele yanacheza kama ya bibi kizee. Akipiga mswaki fizi zinatoka damu, kwa hiyo nimeuvunja na kumkataza kabisa. Ondoa ulichomtegea.
Baba Mbuke

Mhunze
20 Machi 1951

Baba Mbuke,
U mzima? Mimi nipo kwa kaka yangu, nalima, silogi mtu. Ati umemkataza mswaki! Nimemuuliza dresa wa zahanati ya hapa. Anasema damu inaletwa na uchafu unaoganda kwenye fizi, na ukiachwa, ugonjwa unashuka hadi kwenye mfupa unaoshika jino. Mrudishie mswaki leo hii! Tena ameuliza ni nani katika ukoo aliyepoteza meno akiwa kijana. Kwetu hakuna. Kwenu je?
Mama Mbuke

Geita
2 Mei 1951

Melania,
Tu wazima. Koma kuchunguza ya kwetu. Mimi unajua meno yangu yaling'oka nilipopigwa teke na ng'ombe. Juzi jino moja la mtoto limedondoka kwenye ugali. Hacheki tena. Umeridhika?
Baba Mbuke

Mhunze
19 Mei 1951

Mnafiki mkubwa we! Leo sikuulizi hali.
Nimekwenda kwa mama yako. Shikamoo yangu aliiitikia shingo upande, lakini nilipomtajia huyo ng'ombe alicheka. Meno yako yalidondoka yenyewe ukiwa na miaka kumi na sita, na ya dada yako Zipora vilevile. Ulijua, ukaniita mchawi mbele ya watu! Mpeleke mtoto hospitali, kisha umlete kwangu.
Mama Mbuke

Geita
30 Agosti 1951

Mama Mbuke,
Salamu. Nilimpeleka. Wameng'oa mawili. Waliniuliza kwa nini nimechelewa. Anakuja Ijumaa na lori la pamba. Akipata nafuu rudini wote, nitawaambia majirani nilikosea.
Baba Mbuke

Mhunze
15 Septemba 1951

Baba Mbuke,
Amefika salama. Damu imekatika, ila meno mengine bado yanacheza, sijui kama yatakaa. Yaya, hapana, sirudi, naye harudi. Ameniambia umeoa, na mwenzangu Philomena ana mimba. Mwambie habari za meno ya kwenu kabla hajajifungua. Ukinyamaza, nitapanda lori nije kumwambia mwenyewe.
Mama Mbuke