Mwanamke Asiyejulikana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu aliniambia sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi sana. Mimi mwili mzima. Kinachougua ni moyo, na barua hii nimeichana mara mbili kabla ya kuimaliza.

Nimeacha kazi ya picha kwa Fundi. Najua utashtuka, maana wewe ndiye uliyenipeleka kwake miaka kumi na moja iliyopita ukamwambia, huyu sasa ni mwanao. Nikamwita Baba, naye akaitika.

Tangu macho yake yaanze kufifia, picha zote za lithi, ule uchapaji wake wa polepole gizani, nilizichapa mimi. Ni kazi ya subira, Mama. Karatasi unaimulika kupita kiasi, unaizamisha kwenye dawa iliyozimuliwa kwa maji mengi, halafu unasubiri chini ya taa nyekundu. Dakika kumi nzima huoni kitu. Kisha weusi unachomoza kwenye vivuli, unakimbia kama moto kwenye nyasi kavu, na hapo hapo lazima uichomoe. Ukikawia kidogo tu, uso wa mtu unageuka mkaa. Ikishaoshwa, unaitia kwenye dawa ya dhahabu mpaka ule ukahawia upoe, uelekee buluu. Fundi alikaa kwenye stuli akiniuliza kama imefika, nami nikimjibu bado, Baba.

Mwaka jana tulikubaliana kufanya maonyesho: nusu kutoka negativu za filamu alizopiga yeye, nusu kutoka zangu, majina mawili mlangoni. Nilichapa picha arobaini mpaka vidole vikachubuka.

Siku ya ufunguzi nilivaa lile gauni la kijani ulilonishonea. Mlangoni palikuwa na jina moja. Ukutani, kila kibao, jina hilo hilo. Nikadhani mwandika vibao kasahau. Nikamfuata Fundi katikati ya wageni, nikamnong'oneza. Hakushtuka hata kidogo. Akanishika bega, akasema kwa upole, "Mwanangu, mkono ni wako, jicho ni langu." Kisha akanitambulisha kwa wageni kuwa mimi ndiye ninayemwoshea picha. Mmoja wao akaniomba maji ya kunywa. Nikamletea, Mama. Nilimletea! Wahenga walituonya kuhusu kikulacho, ila hawakusema kwamba unaweza kuwa unakiita Baba.

Lakini sikuandika ili kumshtaki Fundi tu. Nina la kwangu, na hilo ndilo lililonifanya niichane barua.

Unakumbuka asubuhi ile baba mzazi alipotuacha? Ulikaa kitandani, kichwa wazi, umeshika soksi yake moja, unalia, nami nikakupiga picha. Ukaniambia niiharibu. Nikakuapia nimeiharibu. Sikuiharibu, Mama. Nilijua ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, basi tamaa ikanishinda. Niliichapa, nikaitia dhahabu, nikaichanganya na zile arobaini, nikijipa moyo kwamba goti lako halitakufikisha kule.

Niliikuta imetundikwa mbele kabisa. Kibao kilisema: Mwanamke asiyejulikana. Watu walisimama mbele ya machozi yako wakisifu rangi.

Nikaishusha. Fundi akasikia ukuta unakwaruzwa, akauliza kwa ukali nani anagusa picha yake. Nikamwambia, "Huyu ni mama yangu." Nikatoka nayo kwapani, hakuna aliyenizuia.

Alichonitenda Fundi, mimi nilikutenda wewe kwanza. Nililijua hilo nikiwa barabarani.

Picha na negativu yake vimo ndani ya bahasha hii. Sikubaki na nakala. Choma, chana, ficha, sitauliza. Ukitaka kuniona, niite nije. Usipotaka kwa sasa, nitangoja.

Msalimie mdogo wangu, na yule jirani wa chini anayeniita Popo kwa kushinda kwangu gizani; mwambie popo hana kazi tena. Nakushika miguu.

Ni mimi, mwanao uliyemwamini.