Waya Mwekundu na Kikombe cha Mama Bernadeta

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mwanza. Jumatatu, 15/11/1999, saa 2:20 asubuhi.
Jina: Revocatus Mashimba. Umri: miaka 31. Kazi: fundi wa kompyuta. Makazi: Pasiansi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Maelezo niliyotoa hapa Ijumaa yalikuwa ya uongo, na yamemweka mtu mahabusu.

Mnamo tarehe 12/11/1999, saa 4:10 asubuhi, nilifika duka la uchapaji la Bwana Lukman Seif, Mabatini, kumfungia printa mpya. Waya wake ni wa USB: kichwa bapa upande wa kompyuta, cha mraba upande wa printa. Kompyuta yake haikuwa na tundu la hicho kichwa bapa. Nilikuwa na kibati chenye matundu hayo, ambacho nyaya zake huchomekwa kwenye pini za bodi kuu, ndani. Kila kiwanda hupanga pini kivyake, ndiyo maana kuna kitabu. Kitabu nilichokuja nacho kilikuwa cha bodi nyingine.

Mama Bernadeta Kija, mpiga chapa wa pale kwa miaka kumi na tisa, alisogea na chai yake akachungulia. Akasema, "Fundi, mbona namba ya kitabu siyo hiyo iliyoandikwa humo ndani?" Wateja walikuwa wanasikiliza. Nikamjibu, "Mama, boksi linasema USB moja nukta moja, na kitabu kinasema hivyohivyo. Hii si taipureta." Watu wakacheka. Akaweka kikombe mezani, akatoka nje.

Hiyo moja nukta moja inaonyesha vyombo vinaelewana vipi, haisemi pini zimepangwaje. Nilikuwa nalijua hilo. Kipimo cha umeme kilikuwamo mfukoni mwangu, ila baada ya kumchekesha kila mtu niliona haya kukitoa.

Saa 4:50 niliwasha. Ukatoka moshi, kompyuta ikazimika. Bwana Lukman akaja mbio, akauliza, "Imekuwaje?" Nilitazama kikombe cha chai. Naye akakitazama. Wiki iliyotangulia Mama Bernadeta alisema mbele ya watu kwamba mashine hiyo itamnyang'anya kazi, kwa hiyo Bwana Lukman hakuhitaji kuambiwa zaidi. Askari walipofika nilisema nimeona majimaji ndani. Hayakuwapo.

Mama Bernadeta alipokuwa anapandishwa gari la polisi nilimwambia, "Shikamoo, mama," kwa mazoea tu. Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu."

Jana nilishindwa kwenda kanisani. Nilikaa nyumbani nikaikagua ile bodi, ambayo Bwana Lukman alinipa niitengeneze. Ni kavu. Waya mwekundu, unaobeba umeme, niliuchomeka kwenye pini ya mweusi, unaourudisha. Namba ya bodi ni ileile aliyoisoma yeye. Nimeileta hapa, pamoja na kitabu.

Mama yule hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, na ninaona aibu kubwa. Sina la kuongeza. Maneno ya Ijumaa nayakana.

(Sahihi) R. Mashimba

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Ngosha. Shahidi amesomewa, amekiri ni yake. Nimemfahamisha kwamba Bernadeta Kija anatolewa sasa hivi na atapita hapa mapokezi. Shahidi ameomba kutokea mlango wa nyuma. Nimemkatalia.