Maji ya Kombe la Neemat

Saff, 3 Juni

Mama yako amekufa. Jumanne mchana. Tumemzika baada ya alasiri, hatukuweza kungoja, joto.

Asalaam aleikum, Wagdi. Natumai u mzima huko ughaibuni, Damamu. Mimi mzima, mgongo tu. Nilikupigia, hukupokea. Mama Shauki wa jirani alikupigia, hukupokea. Watu wakauliza, mwanawe yuko wapi? Nikasema kazini. Nikaona aibu.

Naandika mwenyewe kwa dole gumba, usitafute makosa.

Mimi nilikuwa tanuruni, napanga matofali. Mama Shauki ndiye aliyemkuta. Kalala kwenye godoro chumbani kwako, shuka imelowa jasho unaweza kuikamua. Nilipofika mashine yako inanguruma pembeni, imewaka taa za buluu kama harusi. Na feni imeelekezwa kwake. Kwa mashine. Si kwa mama yako.

Feni ya nyumba hii ni moja, unajua.

Nani alimwambia aielekeze huko?

Arobaini msomaji na watu watakaa chumba hicho, hakuna kingine kikubwa. Dude lako sitaki liwemo. Njoo ulitoe.

Baba yako

*

Damamu, 4 Juni

Baba yangu, shikamoo.

Nimelia mpaka wenzangu chumbani wameniita mgonjwa. Mungu amrehemu mama. Pole sana baba. Kifua chake kilikuwaje siku za mwisho? Wewe unakula? Mama Shauki anakuletea chochote? Siku ile simu ilikuwa kabatini, msimamizi haturuhusu nazo.

Baba, nakuomba kwa heshima, mashine usiizime. Picha zote za majengo ninazochora hapa zinapikwa na hiyo ya huko, naiendesha kwa mtandao. Kompyuta niliyopewa hapa ni takataka. Ikizimika katikati ya kazi, kibarua kimeota nyasi. Mwisho wa mwezi namaliza.

Kitu kimoja. Inapozwa na maji. Yanazunguka kwenye mipira, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye rejeta, kama gari. Mama alikuwa ananiongezea. Juu kuna tangi la kioo lenye kifuniko. Fungua, ongeza maji ya betri mpaka kwenye mstari. Tangu jana naona joto linapanda.

Arobaini nitaomba ruhusa. Inshallah.

Mwanao Wagdi

*

Saff, 9 Juni

Wagdi, salaam. Mimi mzima. Nakula. Mama Shauki analeta maharage na mkate, na maneno.

Nimefungua hilo tangi lako.

Mimi nimefanya kazi kwenye matope miaka yote. Nimezibua mitaro. Nimetoa punda aliyeoza kwenye mfereji, nilimfunga kamba mwenyewe. Sijawahi kutapika. Leo nimetapika.

Maji gani hayo? Yamekuwa ute. Manjano kwa kijani, yananing'inia kwenye kifuniko kama kamasi ya mtoto. Mipira yote imejaa nyuzinyuzi. Yananuka samaki wa juzi, tena samaki aliyejipaka manukato. Nimenawa mikono kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu. Nimekaa kula, mkono unanuka. Mkate nimempa bata.

Na lilale chumbani kwa watu, lipepewe! Mimi kwenye tanuru nani ananipepea? Nikipata joto nakunywa maji. Hilo lako linakunywa maji, linapepewa, na bado linaoza.

Hukunijibu habari ya feni.

Baba yako

*

Damamu, 9 Juni

Baba, shikamoo. Natumai mikono imepona harufu.

Baba, nani ametia uchafu humo?! Nilimwambia mama mara mia, maji ya betri peke yake, hata ya bomba hapana! Maji mengine yanaota ukungu, yanakula shaba, yanaziba njia. Ni wale watoto wa Mama Shauki? Wanaingia humo kucheza, najua. Waulize!

Mashine imejizima saa tisa. Siipati. Msimamizi kanisimamisha mbele ya watu. Nakuomba, yamwage hayo maji chooni, suuza mipira, tia mapya, washa. Leo leo baba.

Wagdi

*

Saff, 12 Juni

Wagdi. Salaam.

Ulijibu upesi safari hii. Mama yako alipokufa ulichukua siku nzima.

Nimemuuliza Mama Shauki. Nilimwendea kwa fujo, nikamwambia wanao wameharibu kitu cha mwanangu. Akaweka chini sufuria akaniangalia.

"Abdelmuti, una kichaa? Wanangu wanaogopa hata kulisogelea. Neemat alikuwa analilinda kama kuku na vifaranga."

"Basi nani katia uchafu?"

"Uchafu?" Akaanza kulia. "Lile ni kombe, mjinga wewe."

Akanieleza. Kifua kilipombana, mama yako alikwenda kwa Shehe Bayumi. Akaandikiwa kombe sahanini, kwa zafarani, likaoshwa na maji ya waridi, likasomewa, likatiwa kwenye chupa. Anywe asubuhi na jioni. Wakarudi pamoja, mama yako njia nzima amelikumbatia. Kufika, akaenda moja kwa moja chumbani kwako akafungua kifuniko.

Mama Shauki akamwambia, "We Neemat, hilo la kifua chako!"

Akasema, "Kifua changu hakimlishi mtu. Hii ndiyo inayomlisha Wagdi."

Akamimina. Na kila alipoandikiwa jingine, akamimina.

Basi hao ndio watoto wa Mama Shauki.

Unaniambia nimwage chooni. Maji yenye maneno ya Mungu, chooni. Hata mimi nisiyejua kusoma vizuri siwezi. Yako kwenye ndoo, nimefunika na sahani, yananuka nyumba nzima. Mashine sijaiwasha na siiwashi.

Kombe lake ulilinywa wewe. Upepo wake uliuchukua wewe. Nauliza mara ya tatu, nani alimwambia aielekeze feni?

Baba yako

*

Damamu, 29 Juni

Baba, shikamoo.

Mimi.

Nilimwambia mchana wa joto aelekeze huko, nikidhani yeye ana dirisha.

Kazini wamenitoa kwenye michoro. Napanga maboksi ghalani. Ruhusa nimenyimwa, arobaini siji.

Baba, hayo maji usiyamwage. Niwekee hata kichupani.

Wagdi

*

Saff, 11 Julai

Wagdi, salaam aleikum. Natumai u mzima, na ghala si la joto sana. Mimi mzima.

Umechelewa. Maji nilishayatoa. Nilibeba ndoo kwa miguu mpaka makaburini, dereva wa tuktuk alinikataa kwa harufu. Sokoni watu walishika pua. Mmoja akaniuliza, "Mzee, umebeba maiti?" Nikamwambia funga mdomo. Nilimwagia pale kwenye mshubiri niliompandia kichwani pa kaburi. Mpaka tone la mwisho, na ndoo nikaisuuza hapo hapo. Lilikuwa lake. Nimemrudishia.

Mshubiri haujafa. Nilidhani utakufa.

Arobaini imepita leo. Watu walijaa. Kahawa bila sukari, msomaji mzuri. Feni tuliwaelekezea wao. Alipofika mahali pa kumtaja jina, niliinuka nikatoka nje, sikuweza kukaa kwenye upepo ule.

Sanduku la mashine yako liko juu ya paa, nimelisugua. Bado linanuka kidogo. Bata amelala ndani yake. Ukija utalichukua mwenyewe, mimi siligusi tena. Kinyaa hakijanitoka, sikufichi, na si kwa sanduku peke yake. Lakini ukija, njoo. Mlango unaujua.

Kula vizuri. Mchana wa joto kunywa maji.

Leo sikwenda tanuruni. Kesho narudi kazini.

Baba yako