Usingizi Ulioachwa Njiani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Dada Mwamini anapokusomea barua hii, namwomba akae upande wa sikio lako la kulia, asome polepole, na asiruke maneno. Mimi mwanao Idi ni mzima. Nimerudi Ujerumani juzijuzi kutoka safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri, na kile kikohozi kimeisha. Goti lako linaendeleaje? Mawese uliyokuwa unayasubiri kutoka kwa mama mdogo wa Katubuka yamefika? Na fundi wa paa la jikoni alirudi kumalizia, au bado anasema kesho?

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kusalimiana. Nikianza kueleza jambo, mtandao unakatika au wewe unaanza kulia, nami nashindwa kuendelea. Hili la safari hii nataka ulisikie lote.

Mzee Rolf unamjua kwa picha tu. Ni yule Mzungu niliyekuwa namfuatia nyayo za wanyama miaka ile kwenye mapori ya Moyowosi, akaniomba nije kukaa naye baada ya mke wake kufariki. Ninamwendesha gari, ninampikia, na akienda kuwinda nchi za mbali ninafuatana naye. Kiswahili alikijifunza kambini, kwa hiyo ndicho tunachosema nyumbani. Ni mtu mwema, lakini hapendi kuambiwa kwamba amezeeka.

Safari hii tulikwenda Nyuzilandi. Hiyo nchi iko mwisho wa dunia, Mama. Ukiwa kule na jua liko utosini, kwa watu wa hapa Ujerumani ni usiku wa manane. Tulipanda ndege, tukashuka, tukapanda nyingine, hata nikapoteza hesabu ya chakula gani ni cha asubuhi na kipi ni cha jioni. Watu wa ndege wanafunga madirisha wakati nje kuna jua, wanawasha taa wakati nje kuna giza. Mzee hakulala hata kidogo. Alikuwa anatazama ramani ya milima na kunionyesha kwa kidole, “Hapa, Idi. Hapa dume kubwa ipo.” Mimi nilisinzia nikiwa nimekaa, nikaamka shingo imekakamaa.

Uchovu wa safari kama hiyo wenyewe wanauita jeti legi. Mtu umeshafika, lakini mwili haujakubali. Mchana unalegea kama mgonjwa wa malaria, usiku macho makavu, tumbo linadai chakula wakati wenzako wamelala. Nilikuwa nimeupata safari nyingine, lakini wa mara hii ulikuwa na ukali wake.

Kiongozi wa mawindo wa kule anaitwa Wiremu, mzaliwa wa nchi hiyohiyo, mtu mpana, mpole wa maneno. Alipotupokea alituangalia nyuso, akasema tupumzike kwanza, wanyama hawaendi popote. Mzee akakataa. Kesho yake alfajiri tukapanda mlima.

Wanyama wanaowindwa kule ni kulungu wakubwa, pembe zao zina matawi mengi, na majira hayo madume hunguruma kuita majike. Ukisikia mara ya kwanza utadhani ni simba mwenye mafua. Tulifika kwenye kibonde, Wiremu akatuambia tukae chini ya jiwe, tusiondoke wala tusipige, yeye anazunguka upande wa chini kutazama. Mzee akaitikia. Mimi nikaitikia. Jua likapanda, joto likaingia vizuri kwenye makoti yetu, na sote wawili tukapitiwa na usingizi tukiwa tumeegemea jiwe.

Nilichokisikia ni mlio wa bunduki kukokiwa. Nikafumbua macho. Mzee alikuwa amepiga goti, bunduki begani. Mbele yetu, kati ya vichaka, kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia.

“Dume,” akaninong’oneza. “Dume kubwa.”

Mama, hata mimi kichwa kilikuwa kizito. Kwa muda mfupi nami nilimwona mnyama. Lakini kile kitu kiliinama, kikanyooka, kikainama tena, na sijaona mnyama anayeinama hivyo. Nikaupiga mtutu kwa kiganja ukaenda juu, na risasi ikaondoka.

Wiremu akatoka vichakani mikono iko juu. Alikuwa amevua koti lake la rangi kali, lile la kuonekana na wawindaji wenzake, kwa sababu ya joto, amebaki na sweta ya kahawia, anakusanya kuni za kuchemshia chai yetu. Alitembea mpaka tulipo, akamnyang’anya Mzee bunduki, akatoa risasi, akakaa chini akitutazama.

“Nilisema mkae,” akasema baadaye kwa Kiingereza, lugha tuliyokuwa tunaelewana naye.

“Mimi nilisahau,” Mzee akajibu. “Mimi nilisahau kabisa kama wewe uko huko.”

Akarudia hivyo kwa Kiswahili, akarudia kwa Kijerumani, kisha akafunika uso. Tulishuka mlima, tukapanda gari la Wiremu. Wiremu ana watoto watatu. Nilikuwa nimeona picha yao imebandikwa kwenye gari lake, na njia nzima sikuweza kuiangalia.

Tulipofika kwenye nyumba ya wawindaji Mzee alikwenda moja kwa moja kitandani, na ilikuwa bado mchana. Nikasimama mlangoni nikimwangalia anavua viatu, na hapo Mama nikakuona wewe, kabisa, umesimama mlangoni kwetu Buzebazeba.

Unakumbuka siku za mbalamwezi? Wavuvi wa dagaa wanapokaa nyumbani kwa sababu mwanga wa mwezi unazishinda taa zao. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa amezoea kukesha ziwani na kulala mchana, kwa hiyo siku hizo za mapumziko alihangaika. Usiku tulimsikia anatembea uani, anakohoa, anafungua na kufunga mlango. Mchana anasinzia juu ya mkeka. Nawe hukumwacha. “Baba Idi, inuka, jua bado lipo.” Unamtoa nje na nyavu zake azishone juani. Akianza kuangusha kichwa unamtuma ziwani akaoge. Chakula unampa tunapokula sisi, hata akisema hana njaa, na jioni ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, ndipo unamtandikia. Siku ya tatu analala pamoja nasi, analala hasa, na asubuhi anaamka anatutania. Sisi watoto tulidhani unamwonea. Mwamini alikuwa analia kwa kumhurumia.

Basi nikamwambia Mzee, “Inuka, jua bado lipo.”

Akanitazama kwa hasira. “Mimi nataka kulala, Idi. Niache.”

“Utalala likizama. Vaa viatu.”

Sikuwahi kumwamrisha tangu nimfahamu. Akavaa. Nikampeleka mtoni, maji ya barafu yale, akanawa mpaka mabega huku akinitukana kwa lugha yake. Nikamkalisha juani, nikampa viazi amenye. Alipoanza kusinzia nikamwomba anieleze habari za marehemu mke wake, na hapo macho yakafunguka, akaeleza mpaka jioni. Tukala pamoja na Wiremu. Hakuna aliyeitaja ile risasi, lakini Wiremu alimsogezea Mzee chumvi, na Mzee akashukuru kwa sauti ndogo.

Tulifanya hivyo siku iliyofuata na nyingine tena. Mimi nami dawa iliniingia. Siku moja niliamka alfajiri nikiwa mzima, ndege wanalia nje, na kwa muda nilidhani nasikia wanawake wanaanika dagaa mchangani na milima ya Kongo iko ng’ambo. Nilikaa kitandani kidogo kabla sijatoka.

Siku ya mwisho Mzee alimwomba Wiremu twende tena mlimani, ila Wiremu ndiye abebe bunduki. Tukaenda taratibu. Dume likatoka lenyewe, karibu, likasimama pembeni ya kijito, linapumua moshi kwa baridi. Wiremu akamkabidhi Mzee bunduki. Ninakwambia ukweli, mikono ya Mzee ilikuwa imetulia na macho yake yalikuwa safi. Akatikisa kichwa.

“Sasa mimi naona vizuri,” akasema. “Lakini basi.”

Yule mnyama akanywa maji, akaondoka zake. Wakati wa kuagana Mzee alimshika Wiremu mkono muda mrefu, naye Wiremu akamkumbatia.

Tangu turudi, bunduki zote amezipeleka kwa mpwa wake. Siku nyingine anakaa bustanini peke yake, na najua anafikiri nini. Mimi nimemwambia kwamba nimechoka kuwa mbali, nataka nije nyumbani nikae mwezi mzima au zaidi.

Nisalimie mama mdogo wa Katubuka na wanawe wote. Msalimie shemeji yangu, mume wa Mwamini, mwambie cherehani aliyoniulizia nimeiona, ila ni nzito kwa ndege, bora akatafute pale sokoni Mwanga. Msalimie mjomba anayechonga mitumbwi, na Mama Niyonzima jirani yetu, ambaye alipokuja kutoka Burundi ulimpa chumba cha nyuma. Kaburi la Baba mlifyekee majani kwa niaba yangu.

Sasa neno lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Nilipomwambia Mzee nakuja, akaniuliza kama anaweza kufuatana nami. Hataki kwenda porini. Anataka kukaa kwetu Ujiji tu, alitazame ziwa, akuone wewe. Akasema, “Lakini mama yako kwanza ajue mimi nilifanya nini. Halafu aseme kama mimi nikaribie.” Nilimjibu kwamba nyumba ni yako, nitakuuliza. Nimekueleza yote kama yalivyokuwa, sikupunguza. Mwambie Mwamini aniandikie jibu lako kwa maneno yako mwenyewe, nami nitamsomea Mzee jinsi utakavyosema.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka kila siku,

Idi