Sitasaini Kosa la Manifoldi Namba 63

Mashimoni, Kibera,
Nairobi.

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwako Baba Whitney, ndugu yangu mpendwa Austine,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini bahasha hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba mgongo uliokusumbua Krismasi umepoa. Mama hajambo. Presha yake ilipimwa Ijumaa ikawa 138 kwa 84, daktari akasema aendelee na dawa zile zile. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo yamenifanya nikae chini niandike.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi. Nilikupigia Ijumaa mara tatu. Mara ya kwanza tuliongea dakika moja na sekunde kumi, ukasema uko zamu. Mara mbili hukushika. Kutuma ujumbe wa sauti siwezi, kwa sababu kitu nikikutumia asubuhi, jioni kiko kwenye kundi la familia na kila shangazi amekuwa fundi wa magari. Shiundu aliyekuja likizo anaruka kurudi huko Jumatano na amekubali kubeba bahasha. Karatasi utaisoma mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu, ingawa ukiulizwa husema tu kwamba dada yako anachomelea vyuma. Natengeneza manifoldi za hewa. Ni ule mkono wa alumini wenye matawi manne unaokaa juu ya injini kugawia kila silinda hewa yake. Ile ya kiwandani ni nyembamba. Vijana wanaotaka gari lenye mbio wananiletea Subaru zao, nami nawatengenezea yenye tumbo pana na matawi niliyopima mwenyewe. Wanakuja na picha za mtandaoni zinazoahidi nguvu za farasi hamsini. Mimi nawaambia utapata farasi kumi na mmoja, labda kumi na watatu, na ukitaka uongo mtandao uko. Wanarudi kwangu.

Mashine ya kuchomelea alumini sikupewa na mtu. Ulipoondoka 2016 nilikuwa nachoma vyuma vya madirisha kwa mzee Nicanor hapa Mashimoni. Alumini nilijifunzia kwenye sufuria zilizotoboka, mwaka mzima, mpaka wamama wa kijiji cha Raila wakawa wananiita daktari wa sufuria. Kibanda cha Kawangware, kwenye ploti ya Gathogo, ninacho miaka minne sasa. Nimetoa manifoldi 63. Kila moja ina namba niliyoigonga kwa patasi, na kabla haijatoka naipima kwa upepo wa kompresa, kipimo mara mbili ya ule itakaoubeba garini, kwa dakika ishirini. Zilizorudi ni mbili, zote kwa sababu ya gasketi, ule utando wa kuziba kiungo. Niliwakatia nyingine siku hiyo hiyo.

Namba 63 ni ya Mburu, mtoto wa Gathogo.

Tarehe 22 mwezi uliopita, Mburu alikuwa anateremka kuelekea Gatina, amembeba binamu yake Wanja. Alikanyaga mafuta, gari likaruka kama alivyotaka, akaona tuktuk mbele. Akashika breki, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Alikwepa tuktuk akagonga ukuta wa godauni. Yeye alichubuka paji la uso. Wanja alivunjika mfupa wa bega. Namshukuru Mungu hatukuzika mtu.

Jumatatu yake Gathogo akaja kibandani na karatasi iliyochapwa tayari, jina langu kamili chini na nafasi ya saini. Inasema mimi, Seline, nakubali kwamba kifaa nilichotengeneza kilikuwa na kasoro na ndicho kilichoua breki. Alikuwa ameshawaambia wazazi wa Wanja hivyo hivyo. Nikamwambia mzee, nipe gari kwanza nilipime, mbele ya watu. Nilisumbua siku kumi ndipo akakubali. Kwa hiyo Alhamisi iliyopita tulikuwa watano kibandani: Gathogo, Mburu, Wanja na mkono wake kwenye kitambaa, mimi, na Mutheu wa mandazi aliyenikopesha beseni lake kubwa.

Sasa nisikilize, kwa sababu ukielewa hapa umeelewa yote. Breki za gari hazitegemei mguu peke yake. Kuna busta, kile kikopo cha duara karibu na dereva, kinachosaidia mguu kusukuma. Busta hiyo inafanya kazi kwa kufyonzwa hewa na injini, kupitia mpira unaotoka kwenye manifoldi. Katikati ya ule mpira kuna kivalvu cha njia moja. Hewa inatoka kwenye busta, hairudi. Gari lenye tabo, ile feni inayosukumia injini upepo, bila hicho kivalvu, kila ukikanyaga mafuta tabo inajaza upepo ndani ya busta, na ukishika breki sekunde hiyo hiyo unabaki na mguu wako mtupu.

Niliifungua manifoldi mbele yao, nikaziba matundu yote, nikaizamisha kwenye beseni na kuijaza upepo. Dakika ishirini, saa iko juu ya meza. Hakuna povu hata moja. Mutheu akasema sufuria zake zenyewe hazijawahi kuoshwa vizuri hivyo. Mzee hakucheka.

Halafu nikashika mpira wa breki nikaufuata kwa kidole. Kutoka kwenye manifoldi nilikuwa nimeacha kivalvu. Sasa hakipo. Mahali pake pamewekwa bomba la chuma, na mbele yake kiungo cha njia tatu kimepeleka mpira mwembamba ndani, mpaka kwenye geji ya tabo iliyobandikwa juu ya dashibodi. Nikamuuliza Mburu.

"Sele, hiyo geji ilikuwa imelala tu," akasema. "Nimeinunua na sindano haisongi. Nikatoa kale kadude, ikaamka."

"Na breki?"

"Breki si ni mguu?"

Wanja alikuwa ameketi kwenye kreti. Akamwangalia. "Yaani nimevunjika mfupa ndio sindano yako icheze?"

Unaona Mburu alichokosea? Alipachika geji upande wa busta, nyuma ya kivalvu, mahali ambapo upepo wa tabo haufiki. Lazima sindano ilale. Angekuja kwangu ningeipeleka mahali pake kwa dakika kumi, bure. Badala yake alitoa breki ili apate picha ya kuonyesha marafiki. Kwa mwendo wa kilomita sabini kwa saa gari linakula mita kumi na tisa kila sekunde. Tuktuk ilikuwa mita thelathini mbele, yeye mwenyewe alisema. Piga hesabu, wewe ndiye ulikuwa namba moja darasani.

Nikadhani yameisha. Gathogo akafuta miwani yake, akaitoa tena ile karatasi mfukoni.

"Hayo tumeona," akasema. "Lakini kijana ana maisha mbele yake. Wewe ni fundi, fundi hukosea, watu watasahau. Weka saini tumalize."

"Mzee, umeona kwa macho yako."

"Nimeona. Na ndugu yako mkubwa nimeongea naye. Ameshakubali kwa niaba yenu. Alisema utasaini."

Austine, nilisimama hapo na mikono imelowa maji ya beseni. Nilijua nitapambana na mwenye ploti. Sikujua nyuma yake nitakukuta wewe.

Hukuniuliza. Hukuuliza gari lilikuwa na nini, hukuuliza ni namba ngapi, hukuuliza hata kama niko salama. Umekaa miaka tisa mbali, halafu kwa simu moja ukatoa jina langu kama mtu anayetoa kiti. Najua Gathogo alikusaidia wakati wa pasipoti, na najua unamheshimu. Hiyo ni yako na yeye. Haikujengwa juu ya kazi yangu na haitalipwa kwa kazi yangu.

Kisha fikiria. Nikisaini kwamba 63 iliua breki, wenye zile nyingine sitini na mbili watalalaje? Kuna mwalimu wa Dagoretti anayebebea watoto wake kwenye gari lenye namba 41. Atafungua boneti kila asubuhi akitafuta kifo. Na Mburu ataamini kwamba hakukosea, atatoa kadude kengine kwenye gari lingine. Mimi nikikosea nasema nimekosea. Zile gasketi mbili nilisema mbele ya wateja wengine. Hili si langu.

Gathogo amenipa mpaka Jumamosi hii. Nisiposaini nitoke. Basi nimejipanga kutoka. Nimepata chumba Soweto West, hapa hapa Kibera, mlango wake ni sentimita tisini na mashine yangu ni sitini na mbili. Umeme wa hapo nimeupima mchana na jioni, unanitosha nikichoma polepole. Mtungi wa gesi utabebwa na mkokoteni. Wateja watatu nimewaambia, wamesema hata nikihamia juu ya paa watakuja. Na Wanja alinipigia jana. Amewaambia wazazi wake alichokiona kwenye beseni, neno kwa neno, na yuko tayari kukirudia kwa yeyote atakayeuliza.

Kwa hiyo sikuombi unitetee. Nakuomba kitu kimoja. Mpigie Gathogo kabla ya Jumamosi. Mwambie ulizungumza bila ruhusa yangu na neno lako unalichukua. Mimi nitakataa hata usipopiga, lakini sitaki nikatae huku yeye anasema ukoo wangu umekubali. Mama ameniuliza mara mbili kama ni kweli ulisema hivyo. Nimemwambia tungoje.

Mkeo Celine na Whitney tulikuwa nao jana baada ya kanisa. Whitney amekuwa wa nne darasani na meno mawili yametoka. Celine anasema utume vipimo vya suruali yako. Mama anakusalimu na anasema ufunge mgongo kitambaa cha joto. Mzee Nicanor pia anakukumbuka. Nisalimie binamu yetu Tonny, na mwambie kitabu chake cha ubatizo kiko kwangu.

Mungu akulinde kazini, akurudishe kwetu ukiwa na viungo vyote na roho yako ile tuliyoizoea.

Ni mimi dada yako, ambaye hata leo nikiwa na hasira nakupenda,

Seline

N.B. Namba ya Gathogo unayo. Saa za Doha na za Nairobi ni zile zile, kwa hivyo usije ukaniambia ulimkuta amelala.