Nilichuma Maua ya Mzee wa Kanada

Baba Kevo,

Hapo Kariobangi hamjambo? Mimi mzima, ila baridi ya Kanada imeanza na hata kalamu inatetemeka.

Jana nilichungulia ua wa jirani wa binti yetu Nekesa, mzee mmoja mstaafu, nikaona sagaa, ile mboga yetu ya majani, imesimama kunizidi kimo! Ilikuwa inatoa maua, na unajua sagaa ikiachwa na maua, majani yamekwisha. Mzee hakuwepo. Nikamsaidia kama tunavyosaidiana nyumbani: nikayakata maua yote kwa kucha, nikajichumia na mboga ya jioni.

Aliporudi alilia kama amefiwa. Kumbe ni bangi! Amechanganya mbegu miaka na mikaka apate inayochanua mapema, kabla baridi ya huku haijaiua, na maua yenyewe ndiyo hayo niliyotupa. Polisi wakaitwa. Nikajua mzee sasa anabebwa. Wakamshika bega, wakampa pole, halafu wakanigeukia mimi. Nekesa akanitafsiria: "Wanasema huku bangi ni halali. Wanauliza kwa nini umeharibu mimea ya mtu."

Nikamkumbuka Kevo wetu alivyokamatwa, na vile tulishinda nje ya kituo tukilia kwa sababu ya msokoto mmoja.

Vaa sweta, ule vizuri, nimekukosa sana. Na ukishasoma hii, ng'oa ile sagaa yangu ya kwenye mikebe hapo nje ya mlango. Imefanana mno na ya huyu mzee, na polisi wa huko hawatakuja kukupa pole.

Wako,
Mama Kevo