Kaka Bisibisi na Dakika Kumi na Moja za Mama

Mwaka umetimia, Kaka, tangu uinuke kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa waya, ukasema unakwenda kupumzika kidogo. Kiti bado kipo. Hakuna anayekikalia, na mkeo hataki kitengenezwe.

Familia imenipa mimi kalamu niandike kumbukumbu yako, eti mwalimu haandiki makosa. Ngoja wasome.

Ulikuwa fundi wa redio na televisheni, na mtaa mzima ulikuita Bisibisi kwa sababu hiyo bisibisi ilikaa nyuma ya sikio lako hata kwenye harusi. Ulikuwa mpole kwa vifaa kuliko kwa watu. Mtu akikuletea redio ya marehemu baba yake, hukumwambia imekufa. Ulimwambia, "Iache hapa, nitazungumza nayo." Chai yako ilipoa kila siku, ukainywa hivyo hivyo huku ukiilaumu.

Lakini miaka yako sita ya mwisho ililiwa na kazi ya alfajiri, kabla hujafungua duka. Mama yetu alikuwa mpiga chapa, na kwenye kompyuta ya ofisini kwao palikuwa na mchezo wa kuendesha lori milimani. Jumamosi moja aliendesha dakika kumi na moja, akaihifadhi safari yake kwenye disketi. Mwezi uliofuata akafariki. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, hukukumbuka kitu. Mimi nilikuwa nanyonya. Hatuna sauti yake. Tuna disketi.

Nilidhani ni kama filamu, unaifungua unatazama. Ukanicheka. "Humo hamna picha, Mwalimu. Mna vidole vyake tu: alibonyeza nini, wakati gani. Mchezo wenyewe ndio unaovifuata." Na mchezo huo kompyuta za sasa ziliukataa, na walioutunga walishatawanyika bila kuacha maandishi ya programu yao. Zilibaki namba, kurasa na kurasa za namba. Ukazisoma moja moja, ukiuliza hii inalisukuma lori vipi, ile inalizuia vipi, kisha ukaandika upya injini ya mchezo ambayo ingefanya vilevile kabisa. Lori lako lingetofautiana na lile la zamani kwa unywele mmoja, Mama angekata kona mahali pasipo na kona.

Mwaka wa tatu, rekodi ikiwa bado haiwezi hata kuanza, ulinipa kurasa za programu zinazohusu kona nizipitie wakati wa likizo. "Angalia makosa ya kuchapa tu," ulisema. Niliporudisha, uliyaingiza masahihisho yangu kama yalivyo, ukachora alama ya vema kwenye kila ukurasa na kuandika pembeni: Mwalimu.

Hatimaye lori likatembea. Ulituita wote, na Baba aliyeendesha lori la kweli miaka thelathini akavuta kiti karibu na kioo cha kompyuta. "Anashika breki mapema mno," akasema. "Nilimwambia." Tulicheka mpaka dakika ya nne, lori lilipofika darajani, likagusa ukingo, likatumbukia mtoni. Vidole vya Mama viliendelea kupinda kushoto na kulia ndani ya maji.

Kuanzia siku hiyo lilianguka kila asubuhi, pale pale. Ulipekua kila kitu. Ukaanza kukonda. Daktari alisema pumzika, ukamjibu kwamba Mama yuko mtoni. Mkeo alikuomba, mimi nikiwa nimesimama hapo na kikombe chako mkononi, "Rudia basi zile kurasa za kona."

"Hizo kapitia Mwalimu," ukasema. "Ziko salama."

Mimi nikaona fahari, Kaka. Fahari!

Siku yako ya mwisho uliniuliza, "Amevuka?" Nikasema bado. Ukafumba macho. "Basi nimekosea mahali."

Miezi kumi na moja baadaye ndipo nilipofungua daftari lako. Kwenye ukurasa wa kona uliandika kwa herufi kubwa: BAKI INATUPWA. KOSA LAO. LIACHE. Kumi na moja ukigawanya kwa nne unapata mbili na baki tatu, na watungaji wa mchezo ule, kila lori linapokata kona, waliitupa baki wakaendelea na safari. Mimi niliiona likizo ile. Mwalimu gani ataona baki imetupwa akanyamaza? Nikairudisha kwa mstari mmoja, nikanyoosha hesabu yao, na sikukwambia kwa kuwa nilijua utabisha. Kikulacho ki nguoni mwako, Kaka, na nguo yenyewe nilikuwa mimi. Kila kona niliisogeza safari ya Mama kwa unywele, mpaka nikamtia mtoni.

Nilimweleza mkeo jikoni. Aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. "Wifi," akasema mwishowe, "alikuamini wewe kuliko alivyojiamini mwenyewe." Kisha siku tisa hakunisemesha. Siku ya kumi alipiga simu. "Njoo uifute kwa mkono wako. Mbele yetu sote."

Basi Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, nilifanya hivyo. Nilifuta mstari mmoja tu. Mkeo alisimama nyuma yangu. Binti yako alishika kona ya meza. Baba, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu, aliketi ameelekeza sikio.

Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, lori likafika darajani, likayumba kuelekea ukingoni.

"Amevuka?" Baba akauliza.

Binti yako akainama karibu na kioo.

"Jamani, amevuka?"

"Amevuka, Babu," binti yako akasema, na mkeo akanishika bega kwa nguvu iliyoacha alama.

Lakini hatukupumua. Dakika ya sita lori likapita kando ya mwamba. Dakika ya tisa zikaja kona, likazikata zote. Dakika ya kumi na moja, mstari wa mwisho ukiwa mbele kabisa, lori likasimama tu. Nikajua nimeharibu pengine pia, na kwamba hapa hapana daftari la kunisaidia.

Honi ikalia. Ndefu, kupita kiasi. Kisha fupi mbili za ovyo, kama mtu anayekipiga kitufe kwa kiganja. Kisha nyingine ndefu.

"Bibi anampigia nani honi?" binti yako akauliza.

Baba alikuwa amesimama, anapapasa hewa akitafuta meza. "Huyo si bibi yako," akasema. "Nilikuwa mlangoni pale ofisini, nawasubiri twende nyumbani. Alikuwa amempakata baba yako. Mtoto hakutaka lori lifike mpaka apige honi yeye. Huyo ni yeye. Hivyo ni vidole vyake."

Lori likaondoka taratibu, likavuka mstari.

Hukukosea mahali, Kaka. Nilikosea mimi, na nimeandika hapa ili kila aliyekujua asome. Nisamehe. Miaka sita ulimtafuta Mama humo ndani, kumbe na wewe ulikuwamo, mapajani mwake. Tumeicheza tena mara nne. Kila ikifika honi, Baba hukuita kwa jina lako la utotoni.

Wanaokukumbuka ni Baba yako, mkeo mpenzi, binti yako, ambaye sasa ndiye mwenye daftari, wanafunzi wako wawili wa ufundi wanaoendelea na duka, na mimi mdogo wako, Mwalimu.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakiza. Chai yako tumeiacha mezani, imeshapoa.